Uzi: Rekodi za wazee wetu tuziweke kwenye jukwaa gani la video?

Mwanakibokoni (mwanzisha uzi)

Assalamu aleykum, na habari zenu nyote mlio humu. Naomba tulizungumze jambo hili kwa kirefu na kwa utulivu, kwa sababu nimeona vikundi vingi hapa Mombasa vinalifanyia haraka na kujuta baadaye.

Sisi ni kikundi kidogo cha Mji wa Kale ambacho kwa miaka 6 kimekuwa kikirekodi wazee wetu: washona kofia, waunda madau, wapishi wa harusi, na akina bibi wanaokumbuka nyimbo za lelemama na mashairi ambayo hayajaandikwa popote. Tumefikisha rekodi 240, nyingine za dakika 5 na nyingine za saa 2, na zote zimo katika diski mbili za nje zilizowekwa ndani ya kabati moja la nyumba moja, hivyo moto mmoja au mwizi mmoja anatosha kutufilisi. Wenzangu wamenituma nitafute jukwaa la kuziweka. Baada ya miezi miwili ya kusoma masharti na kujaribu, nimegundua kwamba swali letu lilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Tulikuwa tukiuliza jukwaa lipi lina watazamaji wengi, ilhali tulipaswa kuanza kwa kuuliza kila rekodi ni ya nani na ni nani asiyepaswa kuiona. Ukishalijibu hilo, nusu ya majukwaa hujiondoa yenyewe hata kabla hujafika kwenye bei.

Nianze na aibu yetu. Chaneli yetu ya kwanza ilifunguliwa na kijana wetu mmoja kwa namba yake ya simu na barua pepe yake binafsi, kwa nia njema kabisa. Kijana akapata kazi Ghuba, laini yake ya hapa ikakaa bila kutumika mpaka ikazimwa, na nenosiri akalisahau. Kila tulipojaribu kuingia, nambari ya uthibitisho ilitumwa kwenye simu ambayo sasa ni ya mtu mwingine, mama mmoja mpole aliyetuomba, kwa heshima, tusimpigie tena. Video zetu 31 zipo huko hadi leo, watu wanazitazama na kuandika maoni, nasi tunazisoma kama wapita njia wasioweza kujibu wala kurekebisha jina la mzee lililoandikwa vibaya. Hapo hapana wa kulaumiwa ila sisi. Akaunti ya kikundi haina budi iwe na barua pepe ya kikundi, laini ya kikundi na wasimamizi wasiopungua wawili, lolote liwalo jukwaa mtakalochagua.

YouTube ndiyo inayotajwa kwanza katika kila baraza, na kwa haki. Ilianzishwa mwaka 2005, ikanunuliwa na Google mwaka uliofuata kwa dola bilioni 1.65, na hadi leo haitozi hata senti kwa kupakia. Akaunti isiyothibitishwa hukomea video za dakika 15, lakini ukishaithibitisha kwa namba ya simu unaweza kupakia video ya hadi saa 12 au gigabaiti 256, nafasi inayomtosha mzee yeyote asiyependa kukatizwa. Faida nyingine, ambayo sisi tunaoishi kwa bando tunaijua vyema, ni kwamba hutengeneza nakala kadhaa za video moja zenye ubora tofauti, na mwenye mtandao dhaifu hupewa nakala nyepesi bila kuomba. Google pia huweka seva za akiba, yaani kompyuta zinazotunza nakala za video, ndani ya mitandao ya kampuni za intaneti za nchi mbalimbali, ndiyo maana video yake huweza kufunguka upesi kuliko ile iliyowekwa kwenye tovuti ndogo ya mbali.

Lililonitia shaka ni matangazo. Masharti yake yanairuhusu kuweka matangazo hata kwenye video za chaneli ambazo hazimo katika mpango wa kugawana mapato. Bibi yuko katikati ya kueleza dua alizofundishwa na mamake, sauti imeanza kumtetemeka, kisha linaingia tangazo la pikipiki lenye muziki wa kishindo. Wenzangu wengine hawaoni tatizo. Mimi naliona.

Kwa upande wa Facebook, anayerusha matangazo ya moja kwa moja afahamu kwamba tangu Februari 2025 video hizo hukaa siku 30 tu kisha hufutwa, isipokuwa mwenyewe awahi kuzipakua. Maulidi yaliyorushwa huko mwezi jana huenda mwezi ujao yasiwepo. Si Facebook peke yake. Google yenyewe ilikuwa na huduma nyingine iliyoitwa Google Video, ambayo ilifungwa mwaka 2012, na Vine, iliyowavutia vijana kote duniani kuanzia mwaka 2013, ilikuwa imekwisha kufikia Januari 2017. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa hapa hapa Mvita yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka vinywani mwa watu, yakanakiliwa na kuhifadhiwa mahali zaidi ya pamoja. Hakuyaacha kwenye ukuta wa mtu mwingine akitumaini kwamba ukuta hautabomolewa.

Vimeo ndiyo iliyonivutia kwa adabu zake. Ni kongwe kuliko YouTube kwa miezi michache, haiweki matangazo kwenye video, inakuruhusu kufunga video kwa nenosiri au kuifanya ionekane kwenye tovuti yako pekee, na ukigundua kosa unaweza kubadilisha faili bila kiungo kubadilika. Hilo la mwisho ni neema kwa watu kama sisi, kwa sababu kiungo kikishasambaa WhatsApp hakirudi. Tatizo ni kwamba ukitaka kuitumia kwa dhati unalipa, kwa dola, kila mwaka, na siku mtakayoshindwa kulipa hamna hakika na hali ya video zenu. Isitoshe, mwaka 2025 ilinunuliwa na Bending Spoons ya Italia kwa takriban dola bilioni 1.38, na mwenye nyumba mpya huwa na hesabu zake za kodi.

Naomba maoni ya wenye uzoefu, hasa kuhusu rekodi ambazo si za kila mtu.

Mpiga picha wa Kisauni

Waaleykum salaam, kaka. Umeligusa hasa jambo linalonikosesha usingizi katika kazi yangu ya harusi.

Kwetu pwani harusi ni sherehe nyingi ndani ya moja. Nikaha ya msikitini haina siri, na familia hufurahi ikionekana hata na jamaa walioko Muscat au Toronto. Usiku wa kupamba ni habari nyingine kabisa. Pale ni wanawake watupu, mabuibui yamevuliwa, nywele zimesukwa, na kwa desturi simu huachwa mlangoni. Anayepiga video ni mwanamke mwenzao, na kwangu kazi hiyo huifanya dada yangu, ambaye pia ndiye anayeihariri bila mimi kuiona. Bibi harusi akiniuliza video ile tuiweke jukwaa gani, jibu langu ni moja: isiwekwe popote.

Nitaeleza sababu, kwa kuwa wateja wengi hudhani kuna kitufe cha kuwalinda. YouTube ina hali tatu. Video ya wazi inaonekana na kila mtu. Ile isiyoorodheshwa haitokei kwenye utafutaji, lakini yeyote mwenye kiungo ataiona, na kiungo hupita kutoka kundi la familia hadi kundi la mtaa kwa usiku mmoja. Ile ya faragha inahitaji kila mtazamaji awe na akaunti ya Google na aalikwe kwa barua pepe yake, tena waalikwa wana kikomo, na sijapata kukutana na shangazi wa Kuze anayekumbuka barua pepe yake. Nenosiri la Vimeo ni afadhali, ila nenosiri nalo ni neno tu, hutumwa pamoja na kiungo. Na hata mlango uwe wa chuma, hapana jukwaa linaloweza kumzuia mtu kuelekeza simu ya pili kwenye kioo cha ya kwanza. Kwa hiyo video ya kupamba naiweka kwenye flashi mbili, moja ya bibi harusi na moja ya mamake, zinatolewa mkononi, kisha nakala ya studio inafutwa mbele yao.

Kuhusu zile za nikaha na karamu, kumbukeni muziki. YouTube ina mfumo uitwao Content ID, ulioanza mwaka 2007, unaolinganisha sauti ya kila video inayopakiwa na hazina ya kazi zilizosajiliwa na wenye haki. Wimbo wa taarabu ukiwa umesajiliwa humo, mwenye haki anaweza kuizuia video, kuinyamazisha au kuchukua mapato yake, na hajali kwamba wewe uliuokota tu kutoka kwenye spika za ukumbini. Dai la namna hiyo kwa kawaida haliiui chaneli. Lililo zito ni onyo la hakimiliki, ambalo hutokana na maombi rasmi ya kuondoa video, na maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifunga chaneli nzima pamoja na harusi za watu wengine zilizomo. Rekodi za kikundi chako zikiwa na bibi anayeimba kwa mdomo wake, hatari ni ndogo, lakini ikisikika redio ya jirani nyuma yake, isikilizeni kabla ya kupakia.

Moja dogo la mwisho: msipitishe rekodi zenu WhatsApp kama video za kawaida, kwa sababu huzikandamiza mpaka nyuso zinakuwa ukungu. Zitumeni kama hati. Hapo faili la hadi gigabaiti 2 hufika kama lilivyotoka.

Kijana wa Changamwe

Shikamooni wakubwa zangu. Kwa heshima zote, naona mnazungumza kana kwamba kuonekana ni maradhi. Vijana wenzangu hawatafungua rekodi ya saa 2 ya mtu kuelezea tezo na shoka, hata iwe na thamani gani. Wako TikTok, na huko wanatazama dakika moja. Kateni dakika moja mzee anapopiga msumari wa kwanza na kucheka, muiweke huko, mtashangaa. Na kwa nini msipate chochote? YouTube hulipa, na wazee hao wangenunuliwa hata dawa.

Mwanakibokoni

Marahaba, mdogo wangu. Kuhusu vipande vifupi umenishinda, na nitalipeleka kwa wenzangu hivyo hivyo ulivyolisema.

Kuhusu pesa nilipiga hesabu. Ili YouTube ianze kukugawia mapato ya matangazo, chaneli inahitaji wafuatiliaji 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au vinginevyo mitazamo milioni 10 ya video fupi ndani ya siku 90. Saa 4,000 ni sawa na rekodi ya dakika 20 kutazamwa yote, bila kurukwa, mara 12,000. Ukifika hapo, mwenye chaneli hupata asilimia 55 ya mapato ya matangazo ya video ndefu, na malipo hayatumwi mpaka yafikie dola 100. Kwa upande wa nyumbani, sheria ya fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya kidijitali ya wakazi wa Kenya. Silipingi wazo lako, lakini mzee wa miaka 84 hawezi kungoja hesabu hiyo itimie. Yeyote anayetaka kumnunulia dawa aende dukani leo.

Bi Mwalimu, Tudor

Nawasalimu nyote. Mimi hurekodi masomo kwa ajili ya wanafunzi wanaokosa shule, na nimejifunza kwamba uchaguzi wa jukwaa hauanzii kwenye jukwaa. Unaanzia kwenye karatasi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu sura na sauti ya mtu anayeweza kutambulika kuwa ni taarifa zake binafsi, na kwa mtoto inahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Kisha inampa mtu haki ya kuiondoa ridhaa aliyoitoa. Hapo ndipo jukwaa linapoingia, kwa sababu ni lazima uwe na uwezo wa kufuta video siku mwenyewe, au mwanawe baada ya kifo chake, atakapobisha hodi na kusema hataki tena.

Mwanakibokoni, je, wazee hao waliambiwa wazi kwamba sura zao zitaonekana Japani na Brazili, au waliambiwa tu kwamba "tunarekodi"? Naomba usinione mkali, baba. Mamangu mwenyewe alikubali kurekodiwa akidhani ni kwa ajili ya wajukuu wake.

La pili ni manukuu. Msiyaachie mashine. Andikeni wenyewe kwenye faili dogo la maandishi lenye saa na dakika za kila sentensi, ambalo YouTube na Vimeo zote hulipokea, na mlihifadhi kando ya video. Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, cha mzee wa Kibokoni anaposema *ndoo* kwa maana ya njoo, kitageuzwa chombo cha kutekea maji, na mwanafunzi wa Bungoma ataamini.

Fundi wa Nyali

Nimesoma yote kwa raha. Niongeze ya kiufundi, kwani naona hapajatajwa njia ya kuwa na nyumba yako mwenyewe.

Ipo programu huria iitwayo PeerTube, inayosimamiwa na shirika la Framasoft la Ufaransa, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2018. Unaiweka kwenye seva yako, unaandika masharti yako, hapana matangazo, na seva yako inaweza kuungana na nyingine ili video zitazamwe pande zote. Ujanja wake ni kwamba watazamaji wa video moja kwa wakati mmoja huweza kupeana vipande wao kwa wao, ili seva isizidiwe. Ujanja huo huo ndio unaonitia wasiwasi hapa kwetu, kwa sababu mtu anayetazama kwa bando huenda akajikuta anatumia data kuwapelekea wengine vipande bila kujua. Mwenye seva anaweza kuuzima, nami ningeuzima. Gharama yake si fedha tu. Ni mtu wa kuamka saa nane za usiku seva inapojaa, na vikundi vya kujitolea humpata mtu huyo kwa mwaka mmoja, kisha anaoa.

Kuhusu kupakia: nyaya za intaneti za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa mwaka 2009, na nyingine zimefuata, hivyo intaneti ya sehemu kubwa ya Afrika Mashariki inapita chini ya miguu yetu, na bado tunahesabu megabaiti kama kwamba tuko mwisho wa dunia. Fanyeni hesabu kabla ya kuchagua ubora. Video ya saa moja iliyohifadhiwa kwa megabiti 8 (yaani megabaiti moja) kwa sekunde, kiwango kinachotosha picha safi ya 1080, ni gigabaiti 3.6. Kwa kasi ya kupakia ya megabiti 4 kwa sekunde, itachukua saa 2 bila kukatika. Rekodi zenu 240 ni kazi ya miezi, si ya wikendi. Pakieni usiku, na mtunze orodha ya kilichokwisha kupanda. Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja huko kusini, mtandao wetu ulizorota kwa siku kadhaa, na waliokuwa hawana orodha walianza upya.

Tena, faili mnalopakia lisiwe ndilo la pekee. Jukwaa huligeuza na kulipunguza ubora kwa matumizi yake, na mkilipakua baadaye mtapewa kivuli. Kwa hifadhi ya umma ya rekodi zilizo wazi kabisa, liangalieni Internet Archive la San Francisco, shirika lisilo la faida lililoanzishwa mwaka 1996, ambalo hupokea video bure na kulihifadhi faili lile lile mlilopakia. Hata hivyo, Oktoba 2024 lilishambuliwa na wadukuzi likawa halifunguki kwa siku kadhaa, kwa hiyo nalo lisiwe kabati la pekee. Na kabati lenu la Kibokoni, pamoja na moto na mwizi, lina adui wa tatu: chumvi. Unyevu wa pwani hula diski polepole. Nakala moja iwekwe bara, hata Voi kwa jamaa.

Mwanakibokoni

Ahsanteni sana. Bi Mwalimu, umenichoma mahali panapostahili. Nilirudi kwenye daftari letu na kukuta kwamba ni wazee 19 tu tuliowaeleza waziwazi kuhusu intaneti, na kati ya waliobaki, 7 wameshatangulia mbele ya haki. Kwa hao 7 tutakwenda kwa watoto wao, nyumba kwa nyumba. Mpaka watujibu, rekodi zao hazipandi popote.

Kwa zile zilizo na ridhaa, nimewashauri wenzangu hivi, na wamekubali isipokuwa mmoja. Rekodi za ufundi, yaani kofia, madau na mapishi, zitakwenda YouTube kwa akaunti mpya ya kikundi, na vipande vyake vya dakika moja tumemkabidhi kijana wa Changamwe avipeleke TikTok, kwa kuwa alijitia kitanzi mwenyewe. Dua na simulizi za familia tutaziweka Vimeo kwa nenosiri, kwa mwaka mmoja wa majaribio, tukilipa kwa kadi ya mtandaoni inayofunguliwa ndani ya M-Pesa. Nyimbo za lelemama zilizoimbwa na akina bibi faraghani zitabaki kwenye diski, na atakayetaka kuzisikia atakuja kuketi nasi. Asiyekubali anasema tutazipoteza kwa kuzificha, na sina jibu lililomridhisha. PeerTube tumeiweka kando mpaka tupate watu wawili, si mmoja, wa kuiangalia.

Diski ya tatu tumeshainunua, ya terabaiti 4. Kilichobaki ni mtu wa kuaminika anayepanda treni kwenda Voi kabla ya mwisho wa mwezi. Anayekwenda anijulishe kwa ujumbe wa faragha, nitamletea stesheni ya Miritini mwenyewe, ikiwa imefungwa ndani ya mfuko usiopenya maji pamoja na vile vifuko vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.